Wakili wa Kapenguria na Swali la Mkalimani

Kila mwaka walimu wa historia wa Bungoma na Trans Nzoia huwapeleka wanafunzi wao Kapenguria, kwenye jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka wa 1993. Wanafunzi huoneshwa vyumba walimofungiwa Jomo Kenyatta na wenzake watano, huandika majina yao madaftarini, kisha hurejea shuleni kujiandaa kwa mtihani. Majina hayo sita wanayajua kwa ghibu: Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Ni nadra mno, hata hivyo, kumsikia mwanafunzi akiuliza kesi ile iliendeshwa kwa lugha gani, na maneno ya mashahidi yalimfikia hakimu kwa kinywa cha nani. Swali hilo huonekana dogo. Kwa maoni yangu ndilo lililobeba nusu ya kesi, na aliyelisimamia mbele ya mahakama alikuwa Mwingereza mmoja ambaye hakujua Kikuyu.

Wakili huyo aliitwa Denis Nowell Pritt. Alizaliwa mwaka wa 1887, akasoma Winchester na Chuo Kikuu cha London, akakubaliwa kuwa wakili mwaka wa 1909. Kufikia mwaka wa 1927 alikuwa amepewa cheo cha wakili wa Mfalme, daraja ambalo mawakili wengi wa Uingereza hulitamani maisha yao yote wasilipate. Angaliweza kustarehe na kesi za makampuni, ambazo ndizo zilizomtajirisha. Badala yake alianza kuzipokea kesi zisizo na faida. Mwaka wa 1931 mtu mmoja wa Vietnam alikamatwa Hong Kong, na Wafaransa wakamtaka kwa hamu ili wamwadhibu. Rufani yake ilipofika London, Pritt ndiye aliyeishika, na shauri likamalizika kwa maafikiano yaliyomwezesha mtu yule kuokoka na mikono ya Wafaransa. Dunia ilikuja kumjua baadaye kwa jina la Ho Chi Minh. Kati ya mwaka wa 1935 na 1950 Pritt alikuwa mbunge wa Hammersmith Kaskazini, kwanza kwa tiketi ya chama cha Leba, kisha akiwa mbunge huru baada ya kufukuzwa chamani mwaka wa 1940.

Hapana budi tuseme kwa nini alifukuzwa, maana wasifu usiotaja doa ni utenzi wa sifa. Pritt aliutetea Muungano wa Kisovieti hata ulipoivamia Finland. Kabla ya hapo, mwaka wa 1936, alikuwa ameandika kijitabu kilichosifu kesi ya Zinoviev na wenzake kule Moscow, akidai kwamba haki ilitendeka. Leo twajua fika kuwa maungamo ya watu wale yalikuwa yamepangwa na kulazimishwa. Inashangaza kwamba jicho lililoona kasoro zote za Kapenguria halikuona, au halikutaka kuona, kasoro za Moscow. Sina maelezo ya kumtakasa. Nalitaja jambo hili mapema ili msomaji anapoendelea asidhani kwamba namchorea malaika.

Turudi kwetu. Kenyatta alikamatwa usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, mara tu gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari. Shtaka kuu lilikuwa kwamba yeye na wenzake waliendesha chama haramu kiitwacho Mau Mau. Nairobi ilikuwa na mahakama, maktaba za sheria, simu na waandishi wa habari. Serikali ikaiepa. Ikachagua Kapenguria, takriban kilomita 40 kutoka Kitale, katika eneo ambalo mtu hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Mahakama ikawekwa katika chumba cha darasa. Hakimu akawa Ransley Thacker, aliyekuwa amestaafu kama jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya. Wanahistoria waliozichambua nyaraka za serikali wameonesha kwamba Thacker alilipwa pauni 20,000 mbali na mshahara wake. Kiongozi wa mashtaka alikuwa Anthony Somerhough.

Pritt alikuja na kundi ambalo hadi leo ni vigumu kulipatia mfano. Alikuwamo H. O. Davies kutoka Nigeria na Diwan Chaman Lall, mbunge wa India. Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili Tanganyika, alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuliunda. Kutoka Kenya yenyewe walikuwamo Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Baadhi ya mawakili wengine waliotaka kujiunga nao walizuiwa kuingia. Kwa vile Kapenguria hapakuwa na mahali pa kulala wageni wa namna hiyo, mawakili walikaa Kitale na kusafiri kila siku. Kitale ya wakati huo ulikuwa mji wa walowezi. Hoteli zake zilikuwa za Wazungu, na kiongozi wa utetezi hakuweza kuketi meza moja humo na wenzake Waafrika na Wahindi ili kupanga maswali ya kesho. Wazee wetu wa upande huu, waliozivuka barabara zile kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Trans Nzoia, hawangehitaji kuelezwa zaidi.

Sasa tuingie chumbani. Mashahidi wengi walizungumza Kikuyu, wengine Kiswahili. Hakimu aliandika Kiingereza. Katikati alisimama mkalimani, na mkalimani aliyeteuliwa alikuwa Louis Leakey. Wengi wetu twamjua Leakey kwa mafuvu na zana za mawe, na heshima yake katika fani hiyo haina mpinzani. Alizaliwa Kabete na kukulia miongoni mwa Wakikuyu. Lugha yao aliisema kama mzawa. Ukitazama ustadi peke yake, serikali isingepata mtu bora. Lakini mwaka uo huo wa 1952 Leakey alikuwa amechapisha kitabu juu ya Mau Mau na Wakikuyu, na msimamo wake dhidi ya harakati ile ulikuwa wazi. Je, mtu anayeamini kwamba mshtakiwa ni hatari aweza kuwa mdomo wa mashahidi wanaomshtaki?

Pritt alisema hapana. Alipinga tafsiri na alipinga mfasiri, akieleza kwamba mkalimani hana haki ya kuwa upande wowote wa kesi. Baada ya majibizano Leakey alijiondoa kizimbani. Alirudi baadaye kwa kazi ya kutafsiri hati tu. Tukumbuke kwamba Pritt hakuwa na uwezo wa kuonesha neno hili au lile limepotoshwa vipi. Kwa hilo aliwategemea washtakiwa wenyewe na mawakili wa hapa. Alichokielewa ni kanuni: kwamba mahakama inaposikia kupitia mtu mmoja, mtu huyo huwa sehemu ya ushahidi, naye hana budi kuchunguzwa kama ushahidi wowote.

Wanafunzi wa isimu watapenda kujua ni maneno gani yaliyokuwa na uzito. Chukua neno lililokuwa kitovu cha mashtaka: kiapo. Kikuyu hulitenga neno *mũma* na neno *mwĩhĩtwa*, ambapo Kiswahili chetu hutumia kiapo kwa yote mawili, na Kiingereza hali kadhalika. Mũma huliwa, ndivyo Kikuyu kisemavyo, nasi kwa Kiswahili husema kula kiapo. Mkalimani akisema kwa Kiingereza kwamba fulani aliapa, harufu ya ulaji inapotea. Akisema kwamba fulani alikula, Mwingereza anawazia nyama na damu na mambo ya gizani. Kumbe shahidi mwenyewe alikuwa ameapishwa mahakamani dakika chache zilizopita, na hapana aliyeona uchawi katika hilo. Neno moja la lugha ya hakimu lilikuwa tukufu lilipotamkwa na karani na la kutisha lilipotamkwa na Mkikuyu.

Au chukua hotuba ya Kenyatta kule Kiambu mnamo Agosti 1952. Mbele ya umati mkubwa aliilaani Mau Mau, akitumia msemo wa Kikuyu unaotaja mizizi ya *mikongoe*. Kitu kikipotelea kwenye mizizi ya mikongoe hakirudi tena. Kimezama chini kabisa ya ardhi. Laana kali kuliko hiyo ni vigumu kuipata. Upande wa mashtaka ulishikilia kwamba Kenyatta hakuikana Mau Mau kwa dhati na kwamba maneno yake yalikuwa ya kupakwa mafuta. Hapa ndipo mtu ajuaye lugha angefaa kusimama na kueleza uzito wa msemo katika jamii inayoutumia, jinsi Mswahili angeeleza tofauti ya kumwambia mtu kwaheri na kumwambia alaaniwe. Katika mazingira yale msemo uligeuka mmea usio na maana.

Halafu jina lenyewe. Kenyatta aliiambia mahakama kwamba hakujua neno Mau Mau ni la lugha gani. Wazungu walicheka, wakaliona jibu hilo kuwa ujanja. Lakini hata leo wanaisimu hawajakubaliana juu ya asili yake. Wako wasemao ni kigeugeu cha *uma uma*, yaani toka toka. Wako wanaolihusisha na mũma. Na ile tafsiri maarufu ya herufi, Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru, ina dalili zote za kubuniwa baadaye. Wapiganaji wenyewe walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Mtu kushtakiwa kwa kuendesha chama ambacho hata jina lake halina fasili ni jambo ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa mantiki angelitilia shaka. Sisi wa upande huu twalijua jambo hilo vizuri, kwani miaka minne kabla, mwaka wa 1948, serikali ilikuwa imepiga marufuku Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde. Neno msambwa lina maana pana katika Lubukusu, likigusa wahenga, mahali patakatifu na wajibu wa walio hai. Jaribu kulitia katika hati ya mashtaka ya Kiingereza uone litabakiwa na nini.

Mtu aweza kudhani kwamba dawa ya haya yote ni kuwa na wataalamu wa lugha mahakamani. Mimi ni mtaalamu wa lugha na sina hakika hiyo. Katika historia ya taaluma yetu yumo mwanasheria mmoja Mskoti wa karne ya 18 ambaye wanafunzi hukutana naye katika kurasa za mwanzo za vitabu vya isimu linganishi: James Burnett, aliyejulikana zaidi kama Lord Monboddo. Alizaliwa mwaka wa 1714, akasomea Aberdeen, Edinburgh na Groningen, akawa wakili mwaka wa 1737 na jaji wa mahakama ya juu ya Uskoti mwaka wa 1767. Kati ya mwaka wa 1773 na 1792 alitoa majuzuu sita juu ya chanzo na maendeleo ya lugha. Walimcheka kwa kudai kwamba orangutani ni jamaa ya binadamu. Hakupenda gari la farasi, akisafiri hadi London juu ya mgongo wa farasi hata uzeeni. Kichekesho au la, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza Ulaya kukubali kwamba lugha za Waamerika wa asili, kama vile Kihuroni, zinastahili kuchunguzwa na mwanafalsafa.

Mwaka wa 1778 ilifika mbele ya mahakama yake kesi ya Joseph Knight, Mwafrika aliyeuzwa Jamaica na kuletwa Uskoti na bwana wake, John Wedderburn. Knight alidai kwamba sheria ya Uskoti haitambui utumwa, na kwa hiyo yuko huru. Majaji wanane walikubaliana naye, wanne wakampinga. Jaji aliyekuwa ameandika juu ya lugha za watu wa mbali, aliyefikiri kuliko wenzake wote juu ya maana ya kuwa binadamu na kusema, alikuwa miongoni mwa wale wanne. Kihuroni alikuwa amekisoma katika kamusi ya mmisionari, akahitimisha kutokana na maneno yake marefu kwamba ni lugha ya watu ambao hawajajifunza kuyachambua mawazo yao. Angekiona kitenzi cha Kiswahili kama *hatukuwaambia*, au kitenzi chochote cha Lubukusu, bila shaka angetoa hukumu ile ile, ilhali mtoto wa darasa la nne hapa Bokoli akizichopoa silabi zake moja moja atakuonesha kikanushi, nafsi, wakati na mtendewa, kila kimoja kwa nafasi yake. Leakey alimpita Monboddo kwa mbali sana katika ujuzi. Yeye lugha aliisikia, akaisema, akaiota ndotoni. Na bado ujuzi huo haukumfanya awe mkalimani afaaye kwa kesi ile.

Hali za Kapenguria zilimkera Pritt kiasi cha kuwapelekea wabunge wa Uingereza simu ya maandishi, akisema kwamba mazingira ya kesi yalikuwa sawa na kuwanyima washtakiwa haki. Serikali ikamfungulia shtaka la kuidharau mahakama. Kesi ikasimama, mawakili wakateremka Nairobi, na Mahakama Kuu ikamwona hana hatia. Akarudi Kapenguria kuendelea.

Hukumu ilitolewa tarehe 8 Aprili 1953: miaka 7 na kazi ngumu kwa wote sita, na baada yake kuwekwa kizuizini bila kikomo. Shahidi aliyemtegemeza hakimu zaidi ni Rawson Macharia, aliyedai kumwona Kenyatta akilisha watu kiapo mnamo Machi 1950, miezi kadhaa kabla ya Mau Mau kupigwa marufuku Agosti mwaka huo. Upande wa utetezi ulileta mashahidi chungu nzima wa kumpinga. Thacker akamwamini Macharia. Kisha ukaja mchezo wa rufani, ambao walimu wa sheria huupenda. Mnamo Julai 1953 Mahakama Kuu ilibatilisha hukumu kwa sababu Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa Mkoa wa Kaskazini, ilhali Kapenguria ilikuwa katika Bonde la Ufa. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikaigeuza, na mwaka wa 1954 Baraza la Faragha la London likakataa kuisikiliza rufani. Oneko peke yake alishinda katika rufani, mwanzoni mwa mwaka wa 1954, lakini hakuachiliwa; alitoka mahakamani akiwa hana hatia akarudishwa kizuizini. Mwaka wa 1958 Macharia aliapa hati akisema kwamba alidanganya na kwamba alitunzwa kwa kupelekwa masomoni Uingereza. Akashtakiwa na kufungwa, si kwa uongo wa Kapenguria bali kwa hati ya kuukana.

Pritt aliendelea na safari zake. Mwaka wa 1954 alikuwa Singapore akiwatetea wanafunzi wa chuo kikuu walioshtakiwa kwa uchochezi, huku wakili msaidizi wake akiwa kijana aitwaye Lee Kuan Yew. Alipewa tuzo ya amani iliyokuwa na jina la Stalin, akaipokea bila haya. Baadaye alifundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Ghana, mwaka wa 1965 na 1966, akafariki mwaka wa 1972.

Nimemleta katika ukurasa huu kwa sababu swali lake lingali hai katika mahakama za Webuye na Bungoma, ambako watu wa Bokoli hupeleka kesi zao za mashamba, ng'ombe na urithi. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, humpa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya mahakama. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai imeweka Kiingereza kwa Mahakama Kuu, na Kiingereza au Kiswahili kwa mahakama za chini. Haki imeandikwa. Lakini mara nyingi mkalimani ni karani yule yule anayeita majina na kupanga majalada, aliyeajiriwa kwa kazi nyingine na ambaye hakuna aliyempima kwa Lubukusu wala kwa Kisabaot. Ajua kusalimu, ajua kununua mahindi sokoni, basi anatosha.

Hatoshi. Bibi wa miaka 80 akisema kwa Lubukusu kwamba *papa* ndiye aliyempa shamba, huenda anamtaja baba mzazi au ndugu ya baba. Karani akiandika baba, mstari mzima wa urithi umehama. Lubukusu, kama lugha nyingi za Kibantu, hutenga wakati uliopita wa karibu na wa mbali kwa umbo la kitenzi na kwa toni. Kiswahili kinampa karani *-li-* tu, iwe jambo lilitendeka asubuhi ya leo au wakati wa nzige. Wakili wa upande wa pili akisimama na kuuliza, je, ni lini hasa, shahidi aliyekwisha kusema lini huonekana mwongo.

Chuo Kikuu cha Kibabii kiko mlangoni petu, na Masinde Muliro si mbali. Vyote hufundisha Kiswahili. Stashahada ya ukalimani wa mahakama, yenye Lubukusu, Kisabaot, Kiteso na Kipokot, haihitaji maabara wala mitambo. Yahitaji walimu, mahakimu wachache walio tayari kuwapokea wanafunzi kwa mafunzo ya vitendo, na mtihani ambao mkalimani ataufanya kabla ya kusimama kizimbani. Mtihani huo uwe na sehemu mbili. Ya kwanza ipime lugha. Ya pili imuulize mtahiniwa ana uhusiano gani na watu wa kesi, amewahi kuandika au kusema nini juu yao, na je, yuko tayari kukaa kando wakili akiinuka na kumpinga, kama alivyokaa kando Leakey katika darasa lile la Kapenguria.